Mkono wa Kigeni kwenye Pikipiki ya Babu

Kilifi, bwenini
Ijumaa, 16 Mei 2025

Kwa Kaka Baya,

Hujambo, kaka? Mama je, kifua chake kimetulia na lile vumbi la vitambaa? Mimi sijambo. Ugali wa hapa ni mgumu lakini nimeuzoea, na kikohozi nilichoondoka nacho nyumbani kimekwisha.

Barua hii anakuletea Jedida, mpishi wetu, mke wa Ngumbao wa huko kwetu. Kila baada ya wiki mbili huja nyumbani Jumamosi na kurudi shuleni Jumatatu. Nilimwomba anibebee barua kwa kumwandikia kikaratasi na kukiacha juu ya mfuniko wa sufuria, maana nilishindwa kusema. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa vipimo ulivyotaka. Ndani ya fremu, pale mkono wa nyuma unapoingia, kutoka bamba la kushoto hadi bamba la kulia ni sentimita 22.3. Nilipima mwenyewe kabla shule hazijafunguliwa, kwa tepe ya Mama, siku aliyokwenda matangani. Nilipima mara tatu na mara zote ikawa hivyo hivyo. Wewe upime upana wa mkono mpya, uutoe kwenye 22.3, kisha kinachobaki ukigawe kwa mbili. Huo ndio urefu wa kila kipande cha bomba cha kujazia nafasi, kimoja kulia na kimoja kushoto, ili gurudumu likae katikati.

Kaka, maktaba ya hapa ina kitabu cha ufundi wa mitambo. Kinasema mkono wa nyuma ndio unaolishika gurudumu la nyuma, nao wenyewe unashikwa kwenye fremu na bolti moja ndefu. Bolti moja. Nilipofika hapo nikakifunga kitabu.

Najua ule wa babu ulikuwa umeliwa na kutu hata kidole kinapita. Lakini huu ulioununua Malindi umetoka kwenye pikipiki nyingine kabisa, ya juzi, na ya babu ni ya mwaka 1976, ya kuzungukia kuchanja ng'ombe. Hazijuani. Naogopa kidogo. Ila hesabu ni sahihi, hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Mdogo wako,
Kahaso


Magarini
Jumapili, 18 Mei 2025

Kwa Profesa Kahaso,

Salamu zako tumezila zote, hatukubakisha. Mama anakohoa asubuhi tu, na akishapata mteja wa kumgombeza kifua hufunguka. Mimi mzima. Simu yangu ndiyo mgonjwa: iliangukia ndani ya ndoo ya oili chafu. Thuku anasema sasa angalau haitashika kutu. Basi tutaandikiana kama wazee.

Unamkumbuka Thuku, fundi wa kuchomea vyuma pale njia panda? Leo alipotoka kanisani tu nilikuwa namngoja mlangoni. Mkono mpya tumeupima kwa rula yake ya chuma: 19.1. Nikatoa kwenye 22.3 yako, ikabaki 3.2, nikagawa. Kila kipande 1.6. Umeona? Nami nilisoma.

Tukakata. Kipande cha kwanza kikaingia. Cha pili kikakataa. Thuku akakigonga, kikakataa tena.

"Baya, hiki kirefu. Tukisage."

"Usikiguse. Hivyo ni vipimo vya Kahaso."

"Kahaso ni fundi?"

"Kahaso ni wa kwanza kwa hesabu kidato cha tatu kizima."

"Basi mwite Kahaso aje akiingize."

Watu wa pale njia panda wakacheka, wakaniudhi. Nikamwambia fremu ya mwaka 1976 imejikunja kwa uzee kama mgongo wake yeye, tuifungue. Tukaweka jeki ndogo katikati ya yale mabamba mawili, tukapiga polepole, fremu ikaachia, kipande kikateleza mahali pake. Bolti ikapita. Kahaso, haitikisiki! Ushike huko nyuma uvute kwa nguvu zako zote, utavuta pikipiki nzima. Hata Thuku aliivuta mwenyewe.

Sasa sikiliza. Tarehe 14 Juni, siku ya wazazi, Mama sitampandisha gari la kubanana na watu. Nitamleta mimi, juu ya pikipiki ya baba yake mzazi, toka Magarini mpaka getini kwenu. Mara ya mwisho kuipanda alikuwa msichana kama wewe, babu akimpeleka shule. Tangu nimwambie anashona huku akiimba, na unajua Mama haimbi.

Kaka yako,
Baya


Kilifi
Ijumaa, 30 Mei 2025

Kwa Kaka Baya,

Habari za nyumbani, kaka? Hapa tu wazima sote, isipokuwa mvua imeingia bwenini na magodoro mawili yamelowa. Langu si mojawapo.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi na moja kwa sababu sikuwa na mtu wa kumpa jibu. Nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo inataka kukatika. Nilifurahi pale Mama alipoimba. Kisha nikarudi kwenye jeki.

Kwa nini mlihitaji jeki? Nimerudia hesabu. 22.3 kutoa 19.1 ni 3.2, na nusu yake ni 1.6. Ni sawa. Kama ni sawa, kipande kilipaswa kuingia kwa mkono. Chuma hakizeeki kikajikunja chenyewe kikiwa kimesimama kwenye banda. Na chuma kikifunguliwa kwa nguvu hutaka kurudi kilikokuwa. Kisiporudi hukaa kimevutwa usiku na mchana, hata pikipiki ikiwa imeegeshwa, na kinapovutwa zaidi ni pale kilipochomewa. Hayo tulifundishwa mwezi huu.

Nilichora mchoro nikampelekea Mwalimu Kasiva wa Fizikia. Yaani nilikwenda nao. Nilisimama nyuma ya kiti chake mapumziko mazima. Alipogeuka akauliza, "Unataka nini?" nikasema, "Chaki, mwalimu." Akanipa. Mpaka sasa niko nayo mfukoni.

Kaka, mrudie Thuku mkitoe kile kipande mkisage. Usiviheshimu vipimo kwa kuwa ni vyangu. Na utazame kwenye maungio ya fremu, yote mawili, kama kuna ufa, hata mwembamba kama unywele. Upake chokaa ya unga halafu ufute, ufa hubaki na mstari mweupe. Nimelisoma hilo pia.

Mwambie Mama anaweza kuja kwa gari. Nitafurahi vile vile.

Mdogo wako anayeogopa,
Kahaso


Magarini
Jumapili, 1 Juni 2025

Kwa Kahaso,

Hatujambo. Mama hajambo. Mbuzi amezaa wawili.

Barua yako ilifika jana, Mama akaniambia nimsomee. Nilimsomea mpaka kwenye magodoro, kisha nikaruka, nikamalizia na salamu. Mambo ya ufa na nyufa usimwandikie mtu ambaye ameshajishonea gauni la safari.

Pikipiki nimekwenda nayo Marafa na kurudi, na mashimo yote yale unayoyajua. Niko hapa nakuandikia, si mzimu. Inalia kidogo huko nyuma nikipanda tuta, kik, kik. Thuku anasema ni cheni mpya, itazoea. Thuku alisema kipande ni kirefu, wewe unasema nikisage, na wewe huyo huyo ndiye uliyeniandikia "hesabu ni sahihi, usiwe na wasiwasi". Sasa ni sahihi au si sahihi? Chagua moja, Kahaso. Mimi sikusoma kitabu cha mitambo. Mimi nilikuamini wewe.

Usikasirike. Unaogopa kila kitu tangu mdogo. Uliogopa kuku.

Tutaondoka alfajiri tarehe 14. Saa tatu uwe umechana nywele.

Kaka yako,
Baya


Kilifi
Jumapili, 8 Juni 2025

Kaka Baya,

Nisamehe sikuanza na salamu.

Si sahihi. Nimechagua.

Leo matroni amepita kukagua masanduku. Sanduku lisizidi sentimita thelathini kwenda juu, likizidi linarudishwa nyumbani. Langu nililipima kwa tepe ya Mama likawa 31, na muhula mzima nimekuwa nikilifunika kwa leso. Leo akalifunua, akaweka rula yake ndefu ya mbao, akasema, "Thelathini. Safi." Wenzangu wakanipongeza, mimi nikakaa kitandani nikiitazama ile rula.

Nimeikumbuka ile tepe. Ncha yake imekatwa, kaka. Imekatwa vizuri kwa mkasi, ndiyo maana sikushuku. Namba inayoanza ni moja. Sifuri haipo. Kila nilichokipima nikianzia nchani nimekiongezea sentimita nzima. Nilipima mara tatu nikakosea mara tatu, kwa namna ile ile.

Nafasi ya fremu ni 21.3. Vipande vilipaswa kuwa 1.1. Mmeipanua fremu ya babu sentimita nzima na mmeifunga ikiwa hivyo. Ile kik si cheni.

Msiipande. Mama asiipande.

Jumatatu, tarehe 9
Nimeimaliza barua na sina wa kumpa. Jedida haji huko mpaka Jumamosi, na Jumamosi ataondoka baada ya kutupikia na kuosha vyombo vya wageni, nanyi mtakuwa njiani tangu alfajiri. Simu yake siwezi kumwomba. Mwaka jana mpishi aliyempa mwanafunzi simu alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Imebaki simu ya ofisini.

Jumanne, tarehe 10
Nimekwenda hadi mlangoni kwa Madam Fridah, naibu wa mwalimu mkuu. Kulikuwa na foleni. Ilipofika zamu yangu nikampisha aliye nyuma yangu, kisha mwingine, kengele ikalia.

Jumatano, tarehe 11
Leo nimeingia. Nikasema naomba kupiga simu nyumbani. Hakuinua macho. "Simu ni ya dharura tu. Kuna mgonjwa?" Nikasema hapana, kwa sababu kweli hakuna mgonjwa. Akasema, "Basi nenda darasani." Nikaenda darasani.

Alhamisi, tarehe 12
Nimeandika sentensi ya kumwambia, nimeifanyia mazoezi chooni. Nilipofika alikuwa ametoka.

Naona lori kila nikifumba macho, hata darasani. Namwona Mama ameketi upande, kama anavyopenda kukaa, miguu inaning'inia.

Ijumaa, tarehe 13, saa kumi na moja jioni
Nimesema. Mlango ulikuwa wazi na walimu watatu walikuwa ndani wakinywa chai, nami sikubisha hodi. Nilisema, "Mama yangu na kaka yangu watakufa kesho asubuhi na ni mimi niliyekosea." Sauti ilitoka kubwa, sikujua kwamba ninayo. Mwalimu Kasiva akaweka kikombe chini. Nilimchorea mchoro ule ule kwa ile chaki yake, sakafuni. Aliutazama kwa muda mfupi sana, kisha akamgeukia Madam Fridah: "Piga simu."

Yako ilikuwa imezimwa, nami nilijua, na Mama hana simu. Madam Fridah mwenyewe akamwita Jedida kutoka jikoni ampigie mumewe. Ngumbao akapokea. Jedida akawa anapiga kelele: "Mwambie Baya asiipande! Tepe ya mama yake imekatwa!" Nikamsikia Ngumbao akiuliza, "Tepe? Tepe ya nini?" Halafu ikakatika. Tumepiga tena mara tisa. Jedida anasema simu ya mumewe huishiwa na chaji wakati wa magharibi, naye huipeleka dukani kesho yake.

Sijui alisikia nini.

K.


Kilifi
Jumamosi, 14 Juni 2025, saa kumi alasiri

Kaka Baya, Mama,

Nawaamkia wote wawili. Shikamoo Mama. Jedida anafunga mzigo wake na amenipa dakika tano.

Hamkuja. Nimekaa kwenye jiwe karibu na geti tangu saa moja. Zimekuja pikipiki kumi na nne. Nilizisikia kabla sijaziona, na kila iliyokuja nilisimama. Mama yake Zipporah, mwenzangu wa bwenini, alinipa sambusa nikashindwa kuila.

Kama Ngumbao alikufikishieni, basi hamkuja kwa sababu hiyo, nami ningepaswa kufurahi. Kama hakufikisha, hamkuja kwa sababu nyingine. Kwa hapa nilipokaa zote mbili zinafanana. Sijui kutokuja kwenu ni jibu gani.

Ngumbao bado hapatikani. Jedida ameahidi atapita kwetu kabla hajafika kwake. Anichukulie hata kipande cha karatasi chenye neno moja.

Mtoto wenu, mdogo wenu,
Kahaso


Malindi, hospitalini
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa mdogo wangu Kahaso,

Mama yuko mzima. Nimeliandika la kwanza usije ukalitafuta chini. Hana hata mkwaruzo. Ameketi hapa karibu yangu, anavuta uzi kwenye shuka la hospitali kwa sababu upindo wake haukumpendeza.

Mimi ni mzima nusu. Mfupa wa bega la kulia umevunjika, ngozi ya goti imebaki barabarani, na naandika kwa kushoto, ndiyo maana maneno yanatambaa. Jedida alikuta nyumba imefungwa, akaulizia, akapanda gari mpaka hapa jana usiku na barua zako mbili. Zote nimezisoma. Mama nimemsomea bila kuruka kitu.

Ngumbao alifika Ijumaa, akitweta. "Kahaso anasema msipande. Tepe imekatwa." Mimi nikacheka. Nikamwambia, huyo alimwogopa kuku.

Mama hakucheka. Alisimamisha cherehani.

"Nani amepimia pikipiki kwa tepe yangu?"

"Kahaso."

"Alianzia wapi?"

"Mwanzoni, Mama. Mtu huanzia wapi?"

Akaivuta shingoni, akaniwekea mbele ya macho. "Mwanzo wa hii ni moja. Ilichakaa nikaikata. Mwaka wa nne huu naanzia kwenye moja, sijamwambia mtu kwa sababu haishikwi na mtu." Kisha akasema, "Sipandi. Nitakwenda kwa gari la asubuhi." Gauni akalikunja akaliweka.

Sasa lile ambalo sijamwambia Thuku wala mtu yeyote. Siku ya jeki nilisikia kitu. Tik, kidogo tu, ndani ya fremu, upande wa kulia. Thuku alikuwa amegeuka kuchukua nyundo, hakusikia. Nilitaka sana ile pikipiki iwe imekwisha siku hiyo, watu walikuwa wameshacheka vya kutosha. Nikanyamaza. Kwa hiyo zile siku tano zako usiniletee mezani. Mimi nilinyamaza wiki nne, na nilipoulizwa nikasema cheni, tena nikakurushia wewe.

Jana alfajiri niliamua niipeleke kwa Thuku avisage vile vipande, nimwonyeshe Mama ikiwa imetengenezwa kabla hajaondoka. Kutoka nyumbani mpaka njia panda ni nusu kilomita. Ningeisukuma. Niliona aibu watu waniulize inasukumwa kwa nini. Nikaiwasha.

Nilipoingia kwenye lami tu, sehemu ya nyuma ikatoka upande, kana kwamba mtu ameishika akaivuta. Thuku ameiona baadaye. Bamba la kulia limeachana na fremu lote, na ufa ulikuwa wa zamani, ndani umeshashika kutu. Sikuanguka vibaya, Kahaso. Nilirushwa kushoto, kwenye majani.

Lakini tangu Alhamisi nilikuwa nimefunga helmeti ya Mama pale nyuma, kwenye kiti chake, juu ya lile furushi la mahindi na nazi tulilokuwa tukuletee, ili tusisahau. Sikuifungua. Vyote vikarushwa kulia, katikati ya barabara. Lori la chumvi lilikuwa linatoka Gongoni na lilikuwa karibu sana, breki zake zililia lakini halikuweza kusimama. Likapita juu yake.

Dereva alisimama mbele huko, akashuka akikimbia, akaanza kuinama chini ya magurudumu. Mimi namwita kutoka kwenye majani, hanisikii. Alipoanza kulia ndipo aliponiona. Akaja akanishika shati.

"Wa nyuma yuko wapi? Nilimwona wa nyuma. Yuko wapi?"

Nikamwambia, wa nyuma yuko nyumbani, anapika chai.

Hakuniamini. Alirudi tena kutazama chini ya lori.

Kaka yako,
Baya